Bomba la Moshi la Nyumba ya Mfano

"Tangazo! Tangazo! Wananchi wote wa Heishipo, walio mashambani, walio vitandani na walio chooni! Baada ya majadiliano mazito na uchunguzi usio na upendeleo, imeamuliwa kwamba Nyumba ya Mfano ya Hewa Safi kwa tarafa nzima ni nyumba ya Shangazi Luo Guangxiu. Shangazi Luo ni taa yetu. Shangazi Luo ni kioo chetu. Kesho saa nne asubuhi Naibu Mkuu wa wilaya anakuja kujitazama kwenye kioo hicho. Atakayeacha nguruwe wake wazurure barabarani atanitambua."

Sauti ilikuwa ya Geng Shaowu, katibu wa kijiji, na spika iliyoitoa ilikuwa imening'inia juu ya nguzo tangu enzi ambazo matangazo yalikuwa ya kutisha zaidi. Sauti hiyo iliporomoka pamoja na mvua juu ya mapaa, ikaingia kwenye mazizi, ikamfikia taa na kioo mwenyewe akiwa uani chini ya kibanda, anachanganya makaa ya mawe.

Kazi hiyo Guangxiu aliijua kuliko kujua jina lake. Unga wa makaa mafungu matatu, udongo wa njano fungu moja, maji, kisha unakanyaga na kugeuza kwa jembe mpaka vishikane kama ugali uliokataa kuiva. Bila udongo, makaa ya Heishipo huwaka kwa pupa na kwisha kabla viazi havijalainika. Ukichanganya na udongo, donge moja linakuwekea moto tangu chakula cha jioni hadi chai ya asubuhi. Alifundishwa na mama mkwe, ambaye alifundishwa na wa kwake, na wote watatu mgongo ulipinda kwa mtindo uleule, kana kwamba nao ulikuwa somo mojawapo.

Alipoletwa bibi harusi hapa, miaka arobaini iliyopita, alikuwa amenyooka kama mpini. Alibeba kikapu cha makaa mgongoni kutoka shimoni mpaka mlangoni bila kutua. Wanaume walisimama kumtazama, na yeye aliwatazama pia, kwa sababu wakati huo shingo yake bado ilikuwa inamruhusu. Sasa akiwa na miaka sitini na moja mikono haipandi juu ya mabega, magoti hayakunjiki hadi mwisho, na uso wake unatazama ardhi. Watu aliwatambua kwa viatu. Hakuwa na kinyongo juu ya hilo. Alisema viatu havina unafiki wa nyuso.

Kwa miaka mingi kijiji kiliamini ni maji. Kisha wakaamini ni laana ya ukoo wa Geng, na ukoo wa Geng wakaamini ni laana ya ukoo wa Luo. Meno ya watu wa Heishipo yalikuwa ya kahawia, yenye mistari na mashimo, na hilo lilihesabiwa kuwa sura ya kwao tu, kama wengine walivyo na pua pana. Mwanamume wa hapa akienda kuposa kwingine alifundishwa kwanza kucheka akiwa amefumba mdomo. Ndipo miaka miwili nyuma akaja Daktari Tian kutoka wilayani, mwanamke mfupi mwenye daftari kubwa, akachukua mahindi na pilipili kutoka darini mwa kila nyumba, akaondoka. Aliporudi alisema si maji wala laana. Ni floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa. Imo kwenye makaa, imejaa zaidi kwenye ule udongo wa njano. Moto ukiwaka inapanda na moshi, moshi unapanda darini, na darini ndiko mlikotandaza chakula cha mwaka mzima kikauke. "Mnaivuta mchana," alisema, "halafu mnaitafuna jioni."

Basi serikali ikaleta majiko mapya, kila nyumba moja, lenye mfuniko na bomba la kutoa moshi nje kupitia ukutani. Watu wakapiga makofi, picha zikapigwa, vyeti vikagawiwa, majiko yakawaka. Moshi ukatoka nje kama ulivyoagizwa. Na joto nalo likatoka nje, ingawa hilo halikuagizwa na mtu.

Mwaka wa kwanza haukuwa na shida kwa sababu majira ya mavuno yalikuwa na jua, jambo ambalo huko milimani mwa mkoa wa Guizhou hutokea mara chache kama katibu kuomba radhi. Mwaka huu mvua ilianza siku ya pili ya mavuno na hadi leo ilikuwa imefika siku ya kumi na tisa bila kupumua. Mahindi ya Guangxiu, chakula chake na cha mjukuu wake na cha nguruwe wao mmoja, yalilala darini yakinuka uvundo. Siku ya kumi na mbili mengine yalianza kuchipua. Siku hiyohiyo Geng Shaowu alipita na msumeno.

"Shangazi, unataka kula majira ya baridi au unataka kula cheti?"

"Ninataka kula."

"Basi nyamaza."

Alikata bomba juu ya jiko, akaligeuza kwa kiwiko, kile kipande cha kona, likaelekea dari, akatoboa tundu kwenye fito za mianzi. Kipande kilichobaki ukutani alikiacha kimechungulia nje, kizuri, kimepakwa rangi ya fedha, hakijaunganishwa na chochote. Alikuwa amefanya hivyohivyo nyumbani kwake na kwa majirani wanane. Kwa hiyo kijiji cha Heishipo kilikuwa na majiko ya kisasa kabisa, yaliyokusanya moshi wote kwa uangalifu, yakaupeleka moja kwa moja kwenye chakula.

Na sasa nyumba hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya mfano.

Geng alifika dakika chache baada ya tangazo. Guangxiu aliona viatu vyake vya ngozi vikikwepa madimbwi.

"Shaowu," alisema bila kuacha kugeuza udongo, "umelewa?"

"Hongera, Shangazi!"

"Bomba liko darini."

"Ninajua liko wapi, si nimeliweka mimi? Lakini nyumba yako ndiyo pekee gari linafika bila kuzama. Nyumba ya Mfano lazima iwe na barabara, Shangazi. Hilo ndilo sharti la kwanza."

"Basi lirudishe ukutani."

"Kwa kiwiko gani? Hicho chako nimekikata, kile kizima nimekitumia kwa shemeji yangu, na duka liko mjini, na njia ya mjini umeiona ilivyo." Alichuchumaa ili amwone uso. Ni yeye peke yake kijijini aliyejisumbua kufanya hivyo, na ndiyo maana Guangxiu alimsamehe mengi. "Sikiliza. Viongozi hawatazami juu. Wanatazama kamera ilipo. Mimi nitapigilia nailoni chini ya dari ili moshi usivuje jikoni, na nitaziba matundu ya mapaa kwa magunia ili usionekane nje. Wataingia, watakunywa chai, watasema hewa safi, wataondoka."

"Moto niuwashe kidogo."

"Kidogo? Jiko la mfano lisilowaka si ni jeneza! Lijaze mpaka shingoni." Akasita, akakwaruza tope kwenye kiatu. "Halafu kuna suala la Lamei."

Lamei, mjukuu, alikuwa mlangoni akimenya viazi. Alikuwa na miaka tisa. Baba na mama yake walikuwa mbali, viwandani Guangdong, wakishona viatu vya watu wasiowajua, na walirudi mara moja kwa mwaka wakati wa Mwaka Mpya, wakiwa wamefumba midomo kwa adabu. Meno yake ya mbele, yale ya ukubwani, yalikuwa yameota mwaka jana. Yalitoka ya kahawia, yenye mistari tayari, kama maganda ya kiazi kilichochomwa.

"Lamei ana nini?"

"Hana kitu, ni mtoto mzuri. Ila mdomo, Shangazi. Tunaonyesha ushindi, halafu ushindi ukicheka unaonekana vile? Nimemwazima Jiaqi, mtoto wa dada yangu wa mjini. Ana meno meupe kama bakuli. Kwa saa moja tu atakuwa mjukuu wako. Lamei atakaa kwa jirani yako mama Cai mpaka wageni waondoke."

Guangxiu aliona miguu ya Lamei mlangoni. Gamboti nyekundu, ndogo, zimesimama zimebanana. Hazikusogea.

"Umesikia, mjukuu wangu?"

"Nimesikia."

"Ni saa moja tu."

"Mimi ndiye nimechanganya hayo makaa jana," alisema Lamei. "Huyo Jiaqi hata koleo hajui kushika."

"Hatashika koleo," Geng alisema kwa upole. "Atashika maua."

Asubuhi iliyofuata jiko lilijazwa saa mbili. Geng mwenyewe alipanga madonge, akashindilia, akafungua kitundu cha hewa chini, na moto ukanguruma bombani. Nailoni iling'aa juu kama dari la hospitali. Magunia yalikuwa yameziba kila tundu kwenye mapaa. Hakukuwa na chembe ya moshi jikoni, na Geng alizunguka nyumba mara mbili kuhakikisha hakukuwa na moshi nje. Guangxiu alimpeleka Lamei mpaka kona ya kwa mama Cai, akamwona akiingia uani, akarudi.

Saa nne ikafika bila wageni. Saa nne na nusu. Mvua ilipiga paa kama watu wanaopepeta kunde. Jiaqi, aliyevalishwa koti jeupe, aliuliza mara tatu choo kiko wapi na mara tatu aliogopa kukitumia. Geng aliongeza madonge. Saa tano kasorobo magari mawili yalipanda yakiteleza, na jikoni mwa Guangxiu kukaingia viatu: vya ngozi jozi sita, vya mpiga picha jozi moja, na buti fupi za mpira zenye kiraka, ambazo Guangxiu alizitambua na kuziogopa. Zilikuwa za Daktari Tian.

"Hewa!" alisema Naibu Mkuu wa wilaya, mtu mnene aliyekuwa na sauti ya kuhutubia hata akikohoa. "Vuteni, ndugu zangu! Vuteni! Mnasikia moshi?"

Walivuta wote kwa pamoja. Hawakusikia moshi.

"Na mama yetu ndiye huyu. Mama, simama wima tukupige picha."

Mpiga picha akashusha kamera.

"Amesimama wima, Mheshimiwa," alisema Geng.

Jiaqi akasukumwa mbele na maua yake. Alianza kukariri: jiko jipya, meno mapya, maisha mapya. Kamera ikamulika. Viatu vya Daktari Tian havikuwa pamoja na vingine. Vilikuwa vimetoka nje, vikazunguka ukuta, na kupitia dirishani Guangxiu alimsikia akigonga kile kipande cha bomba la rangi ya fedha. Kililia kitupu.

Hapo Guangxiu akageukia mlango wa nyuma, si kwa sababu yoyote ila kuuficha uso. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nje yake, chini ya kibanda, ndipo iliposimama ngazi ya kupandia darini. Na chini ya ngazi, zimepangwa sambamba, visigino vimeelekea ukutani, zilikuwa gamboti mbili nyekundu.

Alikuwa amemfundisha mwenyewe. Tangu Lamei alipoanza kupanda, sheria ilikuwa moja tu: usikanyage mahindi na viatu vya tope. Chakula hakikanyagwi na tope. Vua, panga, panda.

Akahesabu haraka, kama mtu anayekumbuka kama amezima moto. Jiko limejaa tangu saa mbili. Bomba linamimina huko. Matundu yamezibwa kwa magunia. Nailoni chini. Na mlango mdogo wa dari, ule wa juu ya ngazi, ulikuwa umefungwa, kwa sababu mtoto anayejificha hufunga mlango.

"Lamei," aliita. Jiaqi bado alikuwa anakariri.

"...na bibi yangu hakohoi tena," alimalizia Jiaqi.

"Mtoto yuko juu," alisema Guangxiu.

Geng akamshika kiwiko. "Dakika mbili, Shangazi," alinong'ona. "Dakika mbili tu, anywe chai."

"Mjukuu wangu yuko darini!"

Naibu Mkuu akacheka, akamwekea Jiaqi mkono kichwani. "Mjukuu wako huyu hapa, mama! Furaha imemzidi. Andika hilo," alimwambia mwandishi wake, "furaha imemzidi."

"Si huyu!"

"Ni mzee," Geng aliwaambia wageni. Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Wakati mwingine huchanganya."

"Mimi si mjukuu wake," Jiaqi akasema, kwa sababu alikuwa amechoka na alibanwa na haja. "Mimi ni wa dada yake mjomba Shaowu. Na mjukuu wake alinitolea ulimi nilipokuwa navalishwa koti kule kwa mama Cai, halafu akaruka ukuta akakimbia huku."

Guangxiu hakusubiri watu wapate sura ya kuvaa. Kupanda ngazi asingeweza, alijua, na kuinua mkono kufikia kiwiko cha bomba asingeweza pia. Akashika chuma cha kuchokolea moto kwa mikono miwili, akaegemeza mguu kwenye jiko, akapiga bomba pale chini, mahali mikono yake ilipofika. Pigo la kwanza lilibonyeza. La pili lilitikisa. La tatu likang'oa bomba lote na kiwiko chake na kipande cha nailoni, likaanguka sakafuni likitapika masizi, na moshi wa njano na mzito, moshi wa asubuhi nzima, ukamwagika kwenye nyuso za wilaya.

"Mlango!" mtu alipiga kelele. "Nje! Nje!"

Jozi sita za ngozi zilikanyagana. Maua yakakanyagwa. Guangxiu alibaki amesimama, analia machozi ya moshi, akipiga jiko kwa chuma na kupaza sauti: "Shaowu! Magunia! Umeyashindilia wewe!"

Na Geng Shaowu, yule aliyewahi kusema viongozi hawatazami juu, alikuwa tayari kwenye ngazi. Alipanda na koti lake la sherehe. Mlango mdogo ulikataa. Akautia bega, ukavunjika, na kutoka ndani ukatoka moshi kama ng'ombe anayetoka zizini. Akaingia kichwa kwanza. Chini, Guangxiu alisikia magunia yakirushwa, mahindi yakiporomoka, Geng akikohoa na kutukana, kisha hakusikia kitu. Daktari Tian alikuwa ameshafika chini ya ngazi, ameinua mikono.

"Umemwona?" aliuliza daktari.

Daktari akapanda kidato kimoja.

"Katibu! Umemwona?"

"Amelala," sauti ya Geng ilisema huko juu, nyembamba kabisa. "Amelala kwenye pilipili. Mshike miguu. Mshike, mshike."

Miguu ilishuka kwanza, isiyo na viatu, misafi. Kisha gauni, kisha kichwa kinachoning'inia. Daktari alimpokea, akakimbia naye kuzunguka nyumba hadi barazani, akamlaza sakafuni chini ya upenu, akamgeuza ubavu, akamfungua kola. Lamei alikuwa na uso mwekundu ambao haukuwa wa afya. Daktari alimpiga mashavu.

"Lamei! Lamei, fungua macho! Wewe mtoto, unanisikia?"

Guangxiu alipiga magoti, yaani aliangukia pale magoti yalipomwachia. Mgongo wake ulimfikisha uso kwa uso na mtoto bila kuinama zaidi. Aliona kope, masizi puani, midomo iliyoachama, na ndani yake yale meno ya mistari, yote.

"Chakula chenyewe kilikuwa kimeshaanza kuoza," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nani alikutuma kukilinda? Amka unitukane. Amka."

Lamei akakohoa. Akakohoa tena, akatapika, yakatoka maji ya viazi, akavuta pumzi iliyopiga mluzi.

"Kichwa," alisema.

"Kinauma?"

"Kinauma." Akafumbua jicho moja. "Huyo Jiaqi ameshika nini?"

Daktari Tian aliketi chini kwenye maji, akatoa kitambaa, akakirudisha mfukoni bila kukitumia. "Anataka hewa," alisema. "Hewa tu, nyingi. Halafu gari la kumpeleka hospitalini."

Geng alikuwa ameegemea nguzo, mweusi kuanzia nywele hadi kola. Ni mara ya kwanza watu wa Heishipo walimwona hivyo, na wengi walikuwa wamefika kuona, kwa sababu kelele zilisikika mpaka bondeni.

Mvua ilikuwa inamwagika uani kwa hasira. Hakuna kiongozi aliyetaka kusimama humo. Kwa hiyo Naibu Mkuu wa wilaya na watu wake, na mpiga picha, na mwandishi, na nusu ya kijiji walijibana barazani chini ya upenu uleule, bega kwa bega, wakimzunguka mtoto aliyelala, wakifuta masizi. Naibu Mkuu alikohoa mpaka akakumbuka cheo chake. Akanyoosha koti. Akaangalia kamera ilipo.

"Ndugu zangu," alianza, "tukio hili limetufunza. Limetuonyesha mshikamano, ujasiri, na uongozi wa haraka katika ngazi zote! Nyumba hii haitavuliwa heshima yake. La hasha! Mama huyu, kwa mikono yake mwenyewe, amevunja kilichokuwa kinamdhuru. Taifa linamtazama. Mama, katika saa hii kubwa, una ujumbe gani kwa wananchi?"

Kamera ikamulika. Guangxiu alikuwa bado amepiga magoti. Mbele yake, ukuta mzima wa viatu.

"Nendeni mvuani," alisema. "Mnamzibia mtoto hewa."